Sumu ya muhogo

Sumu ya muhogo ni sianidi inayotokea katika mizizi na majani ya mmea wa muhogo (Manihot esculenta) pale seli zake zinapovunjwa, kwa mfano kwa kutwangwa, kukunwa au kutafunwa. Muhogo ni chakula cha kila siku kwa mamia ya mamilioni ya watu barani Afrika, Asia na Amerika Kusini, na karibu wote huula bila kudhurika. Sababu ni kwamba kazi za kawaida za jikoni, yaani kumenya, kuloweka, kuvundika, kutwanga, kuanika na kupika, huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo kabla chakula hakijafika mezani.

Madhara hutokea hasa pale kazi hizo zinapofupishwa kwa sababu ya njaa, ukame, vita au haraka ya kuuza. Madhara makubwa zaidi ni kifo cha ghafla na ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu maisha yote.

Muhogo kama chakula

Muhogo ni mmea wa familia ya Euphorbiaceae, ambayo ni pia familia ya mbarika na mpira. Dunia huvuna zaidi ya tani milioni 300 za muhogo kwa mwaka, na zaidi ya nusu hutoka Afrika. Nchi inayoongoza ni Nigeria, yenye mavuno ya karibu tani milioni 60 kwa mwaka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zinazoifuata.

Katika Afrika ya Mashariki muhogo huliwa kwa namna nyingi. Huchemshwa na kuliwa asubuhi kwa chai, huungwa kwa nazi wakati wa futari, huchomwa barabarani na kuliwa kwa chumvi, pilipili na ndimu, au hukatwa vipande vyembamba na kukaangwa hadi vikauke. Mizizi iliyomenywa na kukaushwa huitwa makopa. Makopa hutwangwa au kusagwa kuwa unga wa ugali, ambao sehemu nyingine huitwa bada. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania hutengenezwa udaga, unaotokana na muhogo uliovundikwa. Majani yake ni mboga iitwayo kisamvu, na katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo huitwa sombe.

Muhogo hustahimili ukame na udongo mchovu, na mizizi yake yaweza kukaa ardhini hadi miaka miwili au zaidi bila kuharibika. Ikishang'olewa, hali hubadilika: huanza kuharibika kwa muda wa siku 1 hadi 3 tu. Kwa hiyo shamba la muhogo ni ghala la familia, lakini mavuno yake lazima yaliwe au yatengenezwe mara moja.

Asili na kuenea kwake

Muhogo ulianza kulimwa Amerika Kusini, katika maeneo ya kusini ya bonde la mto Amazon. Wenyeji wa huko ndio waliobuni njia za kwanza za kuondoa sumu. Walikuna mizizi michungu, wakaikamua kwa kapu refu lililosukwa liitwalo tipiti, kisha wakakaanga chicha iliyobaki juu ya kikaango kipana. Maji yaliyokamuliwa, ambayo yana sumu kali yakiwa mabichi, huchemshwa kwa muda mrefu na kuwa mchuzi uitwao tucupi, ambao huliwa nchini Brazil mpaka leo. Wanga unaotuama chini ya maji hayo ndio tapioka.

Wareno waliuleta muhogo Afrika ya Magharibi na katika eneo la Kongo katika karne ya 16. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki ulienea hasa katika karne ya 18, kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi, kisha ukaingia bara katika karne ya 19. Baadaye serikali za kikoloni, kwa mfano utawala wa Waingereza huko Tanganyika, ziliwalazimisha wakulima kuulima kama akiba ya njaa.

Mmea huo ulipofika mahali papya, watu walihitaji pia ujuzi wa kuutengeneza. Katika sehemu nyingi jamii zilibuni njia zao zenyewe kulingana na mazingira. Mahali penye mito na mabwawa watu waliloweka mizizi majini. Mahali pakavu waliivundika chini ya majani.

Muhogo mtamu na muhogo mchungu

Wakulima hutofautisha muhogo mtamu na muhogo mchungu. Zote mbili ni spishi moja, na hakuna mstari mkali kati yao. Kiasi cha sianidi kinachoweza kutoka katika kilo moja ya muhogo mbichi huanzia chini ya miligramu 15 na kupita miligramu 400 kwa baadhi ya aina. Tume ya Codex Alimentarius, iliyo chini ya mashirika ya FAO na WHO, huhesabu muhogo kuwa mtamu ukiwa na chini ya miligramu 50 kwa kilo. Kwa unga wa muhogo, tume hiyo imeweka kikomo cha miligramu 10 kwa kilo.

Kwa kulinganisha, kiasi cha sianidi kinachoweza kumwua mtu hukadiriwa kuwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake. Mtoto mwenye uzito mdogo huhitaji kiasi kidogo zaidi kudhurika.

Muhogo mtamu pia una sumu, ila kidogo. Ganda lake lina sumu nyingi kuliko nyama ya ndani, na ndiyo maana kumenya ni hatua ya kwanza. Wakati wa ukame kiasi cha sumu huongezeka ndani ya mizizi, hata kwa aina ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa salama. Kwa kawaida uchungu mdomoni ni dalili ya sumu nyingi, lakini ulimi si kipimo kamili.

Kwa nini wakulima hupanda muhogo mchungu

Mtu asiyejua kilimo cha muhogo anaweza kushangaa kwamba wakulima wengi huchagua kwa makusudi aina zenye sumu. Sababu zao ni za maana. Nguruwe mwitu, nyani na panya huharibu zaidi mashamba ya muhogo mtamu. Wezi nao huepuka muhogo mchungu, kwa kuwa hauwezi kung'olewa na kutafunwa papo hapo; ni lazima utengenezwe kwa siku kadhaa. Uchunguzi uliofanywa nchini Malawi ulionyesha kwamba wanawake wakulima hutaja ulinzi dhidi ya wizi kuwa sababu mojawapo ya kupanda muhogo mchungu.

Kwa mmea wenyewe pia sumu ni ulinzi dhidi ya walaji. Muhogo si wa pekee katika hilo. Lozi chungu, machipukizi ya mianzi, mbegu za tofaa na aina fulani za maharage huwa na kemikali za jamii hiyohiyo. Mtama mchanga nao huweza kuua ng'ombe wakiula shambani, kwa sababu hiyohiyo.

Jinsi sumu inavyotokea

Ndani ya muhogo mzima hakuna sianidi huru ya kutosha kumdhuru mtu. Kuna kemikali iitwayo linamarini, iliyoundwa na sukari pamoja na sianidi iliyofungwa ndani yake. Linamarini hutengenezwa hasa katika majani, kisha husafirishwa hadi mizizini. Huhifadhiwa katika vifuko vidogo ndani ya seli. Nje ya vifuko hivyo, kwenye ukuta wa seli, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Maadamu seli ni nzima, vitu hivyo viwili havikutani.

Seli ikivunjwa, linamarasi huikuta linamarini na kuipasua katika hatua mbili:

1. Linamarini hugawanyika kuwa sukari ya glukosi na asetoni sianohidrini.
2. Asetoni sianohidrini hugawanyika kuwa asetoni na hidrojeni sianidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe.

Hidrojeni sianidi huchemka kwenye joto la takriban nyuzi 26 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo, katika mchana wa kawaida wa nchi za joto hutoka kwa urahisi na kupotea hewani, na pia huyeyuka katika maji.

Jambo hilo lina matokeo yanayoonekana kama kinyume cha mambo. Njia bora ya kuondoa sumu ni kuiacha itokee kwanza nje ya mwili. Muhogo ukipondwa na kuachwa kwa muda, sumu hutokea na kuondoka. Muhogo mchungu ukiliwa ukiwa na linamarini yake, sehemu ya sumu hutokea tumboni, kwa msaada wa bakteria.

Tena, linamarini haiharibiwi kwa urahisi na moto, lakini linamarasi huharibiwa. Kipande kinene cha muhogo mchungu kikitumbukizwa katika maji yanayochemka, kimeng'enya hufa mapema na linamarini hubaki. Chakula huiva, lakini hakiwi salama.

Njia za kuondoa sumu

Kuchemsha

Kuchemsha kunafaa kwa muhogo mtamu tu. Sehemu ya linamarini huyeyuka na kubaki katika maji, hivyo vipande vidogo katika maji mengi hupoteza sumu zaidi kuliko vipande vikubwa katika maji machache. Kuanza na maji baridi na kuyapasha polepole hukipa kimeng'enya muda wa kufanya kazi. Maji yaliyochemshiwa humwagwa. Kuchoma na kukaanga huondoa sumu kidogo zaidi, na ndiyo maana kwa mapishi hayo hutumika aina tamu.

Kuloweka

Mizizi huzamishwa katika maji kwa muda wa siku 3 au zaidi hadi ilainike. Bakteria huvunja kuta za seli, linamarini hukutana na kimeng'enya, na sumu huingia majini na hewani. Njia hii huondoa sehemu kubwa sana ya sumu, mara nyingi zaidi ya tisa ya kumi. Ndiyo inayotumika zaidi katika bonde la Kongo, ambako muhogo uliolowekwa hufanywa unga wa fufu, au hupondwa na kufungwa kwenye majani na kuwa chikwangue.

Kuvundika

Mahali pasipo na maji mengi, mizizi iliyomenywa hurundikwa na kufunikwa kwa nyasi au majani kwa siku kadhaa. Rundo hupata joto, na kuvu huota juu ya mizizi na kuilainisha. Kisha ukungu hukwanguliwa, mizizi huvunjwavunjwa na kuanikwa. Rangi nyeusinyeusi na harufu ya udaga hutokana na kazi hiyo ya kuvu. Utafiti uliofanywa Msumbiji ulionyesha kwamba kuvundika huacha takriban sehemu 12 hadi 17 kwa 100 za sumu ya awali.

Kuanika tu

Kumenya na kuanika juani bila hatua nyingine ndiyo njia dhaifu. Huacha robo hadi theluthi ya sumu ya awali. Kwa muhogo mtamu kiasi hicho ni kidogo, lakini kwa muhogo mchungu kinaweza kuwa hatari. Tena, vipande vinavyokauka haraka hupoteza sumu kidogo kuliko vinavyokauka polepole, kwa kuwa kimeng'enya huhitaji maji ili kifanye kazi. Jua kali linaloonekana kuwa baraka kwa mwanikaji huweza kuifungia sumu ndani ya kopa.

Kukuna na kukamua

Kukuna huvunja karibu seli zote kwa mara moja. Katika Afrika ya Magharibi muhogo uliokunwa hutiwa ndani ya magunia, huwekewa uzito wa kuukamua, huachwa uchachuke na kisha hukaangwa kuwa gari. Ukaangaji una kazi yake maalumu: katika chicha iliyochachuka asetoni sianohidrini haigawanyiki kwa urahisi, na joto ndilo linaloimalizia. Attiéké ya Côte d'Ivoire hutengenezwa kwa njia inayofanana, lakini hupikwa kwa mvuke. Mwaka 2024 UNESCO iliandikisha ujuzi wa kutengeneza attiéké katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kutwanga kisamvu

Majani mabichi ya muhogo yana sianidi nyingi, mara nyingi kuliko nyama ya mizizi. Hata hivyo, kisamvu kilichopikwa vizuri ni mboga salama. Sababu iko katika kinu. Majani yana linamarasi kwa wingi, na kutwanga huvunja seli na kukichanganya kimeng'enya na linamarini. Sumu hutoka wakati wa kutwanga, na iliyobaki huondolewa kwa kuchemsha muda mrefu. Kisamvu kinachokatwakatwa tu na kutiwa chunguni hubaki na sumu zaidi kuliko kilichotwangwa. Utaratibu huohuo hutumika kwa kisamvu cha mpira, ambacho huchumwa kutoka Manihot glaziovii, mti wa jenasi hiyohiyo uliopandwa Tanganyika wakati wa Wajerumani kwa ajili ya utomvu wa mpira.

Sumu ndani ya mwili

Sianidi huzuia seli kutumia oksijeni. Damu huendelea kubeba oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia, na viungo vinavyohitaji nishati nyingi, hasa ubongo na moyo, huathirika kwanza.

Mwili una njia ya kujilinda. Kimeng'enya kiitwacho rodanesi, kinachopatikana kwa wingi katika ini, huibadilisha sianidi kuwa thiosianati, ambayo ina madhara madogo zaidi na hutolewa kwa mkojo. Kazi hiyo huhitaji salfa, na mwili huipata salfa kutoka katika asidi amino ziitwazo methionini na sisteini, zilizomo katika protini.

Hapo ndipo udhaifu wa muhogo unapojitokeza mara mbili. Mizizi yake huleta sumu, na mizizi hiyohiyo ina protini kidogo sana, takriban gramu 1 hadi 1.5 kwa kila gramu 100. Mtu anayekula muhogo pamoja na samaki, dagaa, nyama, mayai, maziwa au kunde huweza kuvumilia sianidi kidogo inayobaki. Mtu asiyekuwa na kitoweo chochote hana salfa ya kutosha kujilinda. Kwa hiyo sahani mbili za ugali wa unga mmoja zinaweza kuwa na madhara tofauti kwa watu wawili, kulingana na kilicho pembeni ya ugali.

Madhara kwa afya

Sumu ya ghafla

Dalili huanza saa chache baada ya kula: kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuharisha na udhaifu. Kiasi kikubwa husababisha degedege, kupoteza fahamu na kifo. Mgonjwa huhitaji kufikishwa hospitalini mara moja. Tukio huweza kutambulika kwa kuwa watu wengi waliokula chungu kimoja huugua kwa wakati mmoja.

Konzo

Konzo ni ugonjwa wa kupooza miguu yote miwili unaowapata watu waliokula muhogo usiotengenezwa vizuri kwa majuma kadhaa, huku wakikosa protini. Huja kwa ghafla. Mara nyingi mtu aliyelala mzima huamka asubuhi akiwa hawezi kusimama vizuri, au huzidiwa baada ya kutembea mwendo mrefu. Miguu hukakamaa, magoti hugusana na mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole, kwa fimbo moja au mbili. Walioathirika zaidi huweza tu kutambaa, na wengine hupata shida ya kuzungumza au ya macho.

Ugonjwa hauendelei kuwa mbaya baada ya kuanza, lakini pia haponi mtu. Wanaoathirika zaidi ni watoto wa zaidi ya miaka 2 na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina lake limetoka katika lugha ya Kiyaka ya kusini-magharibi mwa Kongo na maana yake ni miguu iliyofungwa.

Goita

Thiosianati huzuia tezi ya shingo kuchukua iodini. Mahali ambapo chakula kina iodini kidogo na watu hutegemea sana muhogo, goita huongezeka. Chumvi yenye iodini hupunguza tatizo hilo.

Matukio yaliyorekodiwa

Konzo ilielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Mwitalia Giovanni Trolli mwaka 1938, baada ya wagonjwa wengi kuonekana katika eneo la Kwango katika Kongo ya Kibelgiji. Wakati huo chanzo chake hakikujulikana.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipooza katika mkoa wa Nampula kaskazini mwa Msumbiji. Wamakua waliuita ugonjwa huo mantakassa. Daktari Mswidi Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuwa miongoni mwa waliochunguza mlipuko huo. Mwanzoni ilihofiwa kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Barabara ilifungwa ili watu wa eneo lililoathirika wasiingie mjini. Rosling alisimulia baadaye kwamba wanawake na watoto waliotaka kufika sokoni walipanda mashua badala ya basi, na mashua ikazama. Uchunguzi ulionyesha hatimaye kwamba chanzo kilikuwa muhogo mchungu uliokuwa ukiliwa bila kukaushwa kwa muda wa kawaida, kwa kuwa mazao mengine yote yalikuwa yamekauka.

Nchini Tanzania konzo ilichunguzwa wilayani Tarime, mkoa wa Mara, kufuatia mlipuko wa katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1988 watu wa Masasi, mkoa wa Mtwara, walipata sumu ya ghafla wakati wa uhaba wa chakula. Familia zilikuwa zimefupisha utengenezaji wa unga hadi siku moja, kwa sababu hapakuwa na chakula kingine cha kula wakati wa kungoja.

Katika eneo la Bandundu nchini Kongo (wakati ule Zaire) chanzo hakikuwa ukame. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta wanunuzi wengi wa muhogo. Ili kuuza haraka, watu walipunguza siku za kuloweka. Utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulihusisha haraka hiyo ya biashara na wagonjwa wa konzo waliokuwa wakiongezeka vijijini.

Mnamo Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na 2 walifariki baada ya kula ugali wa unga wa muhogo. Mlipuko huo ulihusishwa na chakula kilichopikwa msibani.

Matukio hayo yanafanana katika jambo moja. Waliodhurika hawakuwa watu wasioujua muhogo. Wengi wao walikuwa wakulima waliojua vizuri namna ya kuutengeneza, lakini walikosa siku, maji au chakula cha kusubiria.

Kinga

Njia kuu ya kinga ni kukamilisha hatua zote za kutengeneza muhogo mchungu, hasa kuloweka kwa siku 3 au kuvundika ipasavyo kabla ya kuanika.

Kwa unga ambao tayari umesagwa, Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walibuni njia rahisi ya kulowesha. Unga huchanganywa na maji hadi ulowane, kisha hutandazwa juu ya kikapu au mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1. Huachwa juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, na kisha hupikwa ugali siku hiyohiyo. Wakati huo linamarasi iliyobaki katika unga huivunja linamarini, na hidrojeni sianidi hutoka hewani. Ndiyo sababu unga haurundikwi: katika tabaka nene gesi haipati njia. Njia hiyo haihitaji kifaa kipya wala fedha, na imefundishwa kwa wanawake katika vijiji vilivyoathirika na konzo nchini Kongo.

Watafiti hao walitengeneza pia kipimo cha karatasi ya pikrati. Karatasi ya njano hufungwa ndani ya chupa pamoja na unga, na rangi yake hugeuka kuwa kahawia kadiri sianidi inavyokuwa nyingi. Kipimo hicho huweza kutumika mahali pasipo na maabara kubwa.

Kinga nyingine ni kuchanganya chakula. Maharage, kunde, dagaa na karanga pamoja na ugali wa muhogo huupa mwili salfa inayohitajika. Kisamvu chenyewe kina protini nyingi kuliko mizizi, ingawa hakina wingi wa asidi amino zenye salfa kama samaki au mayai.

Mambo yasiyoeleweka vizuri

- Muhogo mtamu si muhogo usio na sumu. Una kiasi kidogo, na huongezeka wakati wa ukame.
- Kuiva si sawa na kuwa salama. Muhogo mchungu uliochemshwa hadi ukawa laini huweza kubaki na sumu nyingi.
- Weupe wa unga si dalili ya usalama. Udaga wenye rangi ya kijivu huweza kuwa na sumu kidogo kuliko unga mweupe uliotokana na makopa ya kuanikwa tu.
- Konzo haiambukizi, wala si uchawi. Mgonjwa hahitaji kutengwa. Huhitaji mazoezi ya viungo, fimbo au kifaa cha kutembelea, na chakula chenye mchanganyiko.
- Muhogo si chakula kibaya. Ukitengenezwa ipasavyo huwa chanzo salama cha nishati, na katika miaka ya ukame huokoa familia nyingi na njaa.

Tazama pia

- Muhogo
- Kisamvu
- Ugali
- Sianidi
- Konzo
- Goita
- Tapioka